Kufikisha maji salama kwenye kibanda cha kutengenezea bia

SWALI: Nina kibanda nyuma ya nyumba, kama mita 30 kutoka jikoni. Humo natengeneza bia ya kunywa mwenyewe, lita 20 kwa mkupuo, mara mbili kwa mwezi. Maji nayavuta kwa mpira wa bustani. Nimebadilisha kimea, nimebadilisha hamira, lakini bia bado inatoka na harufu kama ya plasta ya kidonda. Juzi shemeji yangu alikunywa maji ya kule kibandani akasema yana ladha ya plastiki. Rafiki yangu ananishauri nifunge chujio mwisho wa mpira, basi. Fundi bomba anasema nichimbe mtaro nilaze bomba. Nimsikilize nani? Na kwa kuwa maji yenyewe nayachemsha, si yanakuwa salama tu?

JIBU: Msikilize fundi, ila usimpe kazi kabla hujamaliza kusoma hapa, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi huyaruka: maji kurudi nyuma kuelekea nyumbani, na maji kulala ndani ya bomba siku nyingi bila kutumika. Rafiki yako naye hajapotea kabisa. Chujio lina nafasi yake, lakini si hapo anapotaka ulifunge.

Nianze na hilo la kuchemsha, maana ndilo linalowapa watu amani isiyo na msingi. Kuchemsha kunaua vijidudu, hilo halina ubishi. Maji yakitokota kwa dakika 1 yanatosha, au dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000 hivi, na wewe unachemsha maji ya kimea kwa saa nzima. Lakini moto hauondoi madini ya risasi, wala naitreti, wala floraidi, wala aseniki. Unayaongezea nguvu. Ukianza na lita 26 kwenye sufuria ukabaki na 22, kilichotoka ni mvuke mtupu. Chochote kilichokuwa kimeyeyuka ndani ya zile lita 26 sasa kimejibana ndani ya 22, yaani karibu asilimia 18 zaidi kwa kila lita. Vivyo hivyo kwa kemikali zinazotoka kwenye mpira: baadhi zitaruka na mvuke, nyingine zitabaki na wewe mpaka kwenye glasi.

Halafu jiulize ni maji mangapi hasa yanayopita kwenye moto. Kwa mkupuo wa lita 20 unaingiza sufuriani lita 30 kwa makadirio, kutegemea kimea kinanyonya kiasi gani. Maji mengine yote ya siku hiyo hayachemki. Unasuuzia pipa la kuchachushia, unasuuzia chupa, unaoshea mrija wa kuhamishia bia, unanawia mikono, na pengine unaongezea kidogo pipani ili kufikisha kipimo. Ukiangalia vizuri, maji yanayogusa bia baada ya kupoa, wakati ambapo haina tena kinga ya moto na hamira bado haijashika kasi, ndiyo hayohayo uliyoyavuta kwa mpira dakika chache kabla. Kwa hiyo swali lako la mwisho linajijibu: yale ya kwenye sufuria, ndiyo, kwa upande wa vijidudu, haya mengine, hapana.

Sasa hiyo harufu ya plasta. Ninashuku klorofenoli. Klorini iliyowekwa kwenye maji ya bomba ili kuyalinda ikikutana na kemikali ziitwazo fenoli, hutengeneza kundi la kemikali ambazo pua ya binadamu inazinusa hata zikiwa ni maikrogramu chache tu kwa lita. Ndiyo maana haisaidii kubadilisha kimea wala hamira. Fenoli ziko kwenye kimea chenyewe, hamira nayo huzitoa, na mpira wa bustani wa kawaida unaweza kuongeza za kwake. Una klorini upande mmoja na fenoli kila upande mwingine. Dawa ya tatizo hili ni nyepesi kuliko unavyodhani, nitaifikia, lakini haitaondoa ile ladha ya plastiki aliyoisema shemeji. Hiyo ni ya mpira, na mpira lazima uondoke.

Ukitaka ushahidi, fanya hivi. Uache mpira juani mchana ukiwa umejaa maji na umefungwa ncha zote mbili. Alasiri mimina glasi ya kwanza inayotoka, na pembeni weka glasi nyingine uliyochota moja kwa moja jikoni. Funika zote mbili kwa kiganja, tikisa, kisha fungua unuse. Usinywe ile ya kwanza. Utakachonusa ni kemikali za mpira wenyewe, ambao una vilainishi, yaani kemikali zinazotiwa kwenye plastiki ngumu ili ipindike bila kupasuka. Mpira wa bustani umetengenezwa kwa ajili ya majani na magari. Hakuna aliyeahidi kwamba maji yanayopita humo yatanyweka, na viungio vyake vya shaba ya njano mara nyingi vina risasi ndani yake. Ongeza na joto: maji yaliyosimama kwenye nyuzi 25 hadi 45 ndiyo makazi wanayoyapenda bakteria wengi, na ukuta wa ndani wa mpira wa zamani huwa na utelezi unaoweza kuugusa kwa kidole. Ule utelezi ni wao.

Kufunga chujio mwisho wa mpira kama huo ni kumpa chujio kazi isiyo yake. Kaboni, yaani ule mkaa ulio ndani ya chujio, itapunguza harufu kwa muda, lakini itajaa mapema. Na wakati huohuo itakuwa imeondoa klorini, ambayo ndiyo kinga pekee iliyobaki.

Njia ya kati ipo, nayo si ya kudharau. Kuna mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, ile inayotumika kujazia matangi ya boti na magari ya kulala safarini. Huandikwa wazi kwamba inafaa kwa maji ya kunywa. Ukiwa nao huo, ukaukung'uta maji yote kila unapomaliza, ukautundika ndani kivulini na kuufunga ncha ili mende wasiingie, utakutosha kwa miezi unayojipanga. Na kama ungekuwa unatengeneza bia mara moja tu kwa miezi miwili au mitatu, ningekuambia usichimbe kitu chochote: chukua madumu mawili ya daraja la chakula, yajaze jikoni asubuhi ya siku ya kazi, beba. Maji ya lita 20 ni kilo 20 na mita 30 si safari. Bomba linalokaa wiki kumi bila kufunguliwa lina madhara zaidi kuliko dumu safi lililojazwa leo. Lakini wewe unatengeneza kila baada ya wiki mbili, bila shaka unapoza kwa koili, yaani mrija uliosokotwa unaopitishwa maji baridi (hiyo peke yake hula maji kuliko bia yenyewe), na watu wanakunywa maji hukohuko. Bomba unalistahili.

Bomba gani

Chukua polithini nzito, ile inayouzwa kwa marobota na kukunjuliwa, iliyo na alama ya kufaa kwa maji ya kunywa. Sababu yangu kuu ni moja: unaweza kulaza mita 30 bila kiungo hata kimoja chini ya ardhi. Kila kiungo kilichofukiwa ni mahali ambapo siku moja utachimba. Bomba za plastiki za kuchomea kwa pasi ya moto nazo ni nzuri kwa maji ya kunywa, na ndani ya kibanda ningezitumia bila wasiwasi, lakini kwenye mtaro huja kwa vipande vifupi, maana yake viungo vingi. Bomba za chuma zilizopakwa zinki zitakuletea kutu. Kama unataka kuona bia inavyoharibika kwa madini ya chuma, hiyo ndiyo njia fupi.

Ukubwa ndio watu wanaobahatisha. Namba iliyoandikwa kwenye bomba la plastiki ni kipimo cha nje, wakati maji hupita ndani. Polithini ya milimita 25 yenye uwezo wa presha wa bar 16 ina tundu la milimita 20 na kidogo. Bomba la kuchomea la hiyohiyo 25, lile la ukuta mnene lililoandikwa PN20, yaani uwezo wa presha wa bar 20, lina tundu la milimita 16.6 tu. Fundi akikuambia yote ni sawa kwa sababu yote ni 25, mwonyeshe vipande vyote viwili kwa upande wa tundu.

Tofauti hiyo ina uzito gani? Tuseme unataka lita 20 kwa dakika, ujaze sufuria bila kusubiri sana. Kwenye tundu la milimita 20, mita 30 za bomba zitakula presha inayolingana na kimo cha maji cha mita 2. Kwenye tundu la milimita 16 zitakula mita 6. Kama maji yako yanatoka kwenye bomba kuu la mtaa lenye bar 2 au 3, yaani kimo cha mita 20 hadi 30, hutasikia tofauti kubwa. Lakini kama yanatoka kwenye tangi lililo juu ya mnara wa mita 3, ile ya pili haitakupa kabisa hizo lita 20, kwa sababu hakuna mita 6 za kutumia. Kwa maji ya tangi nenda kwenye polithini ya 32, tundu lake ni milimita 26, na hasara inashuka hadi kiasi cha nusu mita.

Usifurahi ukaenda kubwa zaidi ya hapo. Mita 30 za bomba la 25 hubeba karibu lita 10 za maji. Za bomba la 32 hubeba karibu 16. Hayo ndiyo maji yatakayolala humo wiki mbili nzima, nawe utayamwaga kabla hujaanza kazi. Kama presha ni ya mtaa, 25 inatosha.

Mtaro

Kina cha mtaro kinategemea adui yako ni nani. Kama ardhi ya kwenu huganda wakati wa baridi, lazima uende chini ya kiwango cha kuganda. Nchini Uingereza, kwa mfano, huanzia milimita 750. Kama adui ni jembe na gurudumu la gari, milimita 450 hadi 600 zinatosha, na zina faida nyingine ya kuyaweka maji mbali na joto la jua. Toa mawe, tandika udongo laini au mchanga, laza bomba, funika kwa udongo laini tena, na kiasi cha sentimita 30 juu ya bomba tandaza utepe wa rangi wa kuonya wachimbaji. Utepe ni wa bei ndogo, na atakayeshukuru ni mtu atakayepanda mti hapo miaka 10 ijayo.

Kaa mbali na bomba la maji taka. Kanuni nyingi hutaka mita 3 kati yao kwa upande. Pakishindikana, basi bomba la maji safi liwe juu ya lile chafu kwa angalau sentimita 45. Mabomba hayo yakipishana, yapishane kwa kona ya mraba, safi juu, na pasiwe na kiungo karibu na makutano. Jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hawalijui: polithini hupenyeza petroli na viyeyusho. Bomba halivuji, linaonekana zima, lakini kama limepita kwenye udongo ulionyweshwa mafuta, pale jenereta ilipokaa au gari lilipokuwa likitengenezwa, harufu ya mafuta itaingia ndani kupitia ukuta wenyewe. Zungusha mtaro, hata ukiongeza mita tano.

Usilivute bomba likanyooka kama uzi. Polithini hurefuka na kusinyaa kiasi cha milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukililaza saa saba mchana likiwa la moto, kisha ukalijaza maji yaliyo baridi kwa nyuzi 20, mita 30 zitajaribu kupungua kwa sentimita 12. Sentimita hizo zitatafutwa mahali, na mahali penyewe ni pale lilipoingia kwenye kiungo. Liache lipinde-pinde kidogo mtaroni, jaza maji, lipoe, ndipo ufunge ncha ya mwisho.

Kwenye hizo ncha mbili usiwe na haraka. Kata bomba kwa kikatio, si kwa msumeno wa chuma unaoacha mapengo na chenga zitakazoishia kwenye koki. Lainisha ukingo wa nje uwe na mteremko kidogo. Pima kina cha kiungo, weka alama kwa kalamu ya wino kwenye bomba, sukuma mpaka alama imezwe na kiungo, kwa maana ukisukuma ukasimama pale unapohisi ugumu wa kwanza, umefika kwenye ringi ya mpira tu na hujaipita. Kiungo kitashika siku hiyo na kitachomoka presha ya usiku ikipanda. Mahali bomba linapopita ukutani au chini ya msingi, lipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi ili liweze kusogea na siku moja kubadilishwa bila kuvunja. Kipande chochote kitakachobaki juu ya ardhi kifunike: ile polithini ya bluu hasa haikutengenezwa kwa ajili ya jua.

Usifukie kabla ya kujaribu. Jaza, toa hewa, funga koki ya kibandani, acha presha kamili usiku kucha ncha zikiwa wazi kuonekana. Kama umefunga geji, usishtuke ikishuka kidogo saa ya kwanza, maana ukuta wa polithini hujinyoosha. Ikiendelea kushuka asubuhi, una kiungo kinachovuja.

Maji yasirudi

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo bia ya mtu mmoja inapoweza kuwadhuru watu wa nyumba nzima, hata majirani.

Fikiria umezamisha ncha ya mpira ndani ya ndoo yenye dawa ya kusafishia mapipa, ili maji yasiruke. Koki iko wazi. Wakati huo bomba kuu la mtaa linapasuka, au maji yanafungwa kwa zamu, au mtu anafungua bomba lililo chini zaidi ndani ya nyumba. Presha inashuka, kisha inageuka kuwa mvuto. Ukiwa umesimama hapo utaona uso wa maji ndooni unashuka polepole, bila sauti yoyote, ukiacha mstari wa povu kwenye ukuta wa ndoo. Dawa ile inaelekea jikoni. Atakayefungua bomba la kwanza baada ya maji kurudi ndiye atakayeinywa. Panapokuwa na maji ya mgao, jambo hili linaweza kutokea bila mtu kujua.

Kinga bora haina gharama: nafasi ya hewa. Mdomo wa koki uwe juu ya ukingo wa chombo, usizame kamwe. Kipimo kinachokubalika ni milimita 20 au mara mbili ya upana wa tundu la koki, chukua kilicho kikubwa. Kama kuna chombo cha kudumu kibandani, kama vile tangi dogo lenye boya, boya lake pia lizingatie nafasi hiyo. Tatizo ni kwamba binadamu husahau, na siku ya kutengeneza bia mikono ina mambo mengi. Kwa hiyo ongeza vifaa. Mwanzo wa bomba, pale linapotoka nyumbani, weka koki ya kufungia na baada yake valvu ya kuzuia maji kurudi, ile yenye milango miwili inayofuatana, ili mmoja ukikwamishwa na chenga mwingine ushike. Na koki yoyote kibandani yenye meno ya kufungia mpira iwe na kile kifaa kidogo kinachoingiza hewa presha inapogeuka, ili mvuto ukatike palepale. Mahali pengi kampuni ya maji inalazimisha vifaa hivi, na wengine hutaka waarifiwe kabla hujakata bomba. Waulize kwanza.

Kama una kisima au tangi la mvua, usiliunganishe na bomba hili hata kwa koki katikati. Koki huachwa wazi. Kila chanzo kiwe na bomba lake na mdomo wake.

Koki zenyewe nunua zilizoandikwa kwamba zinafaa kwa maji ya kunywa. Mdomo mmoja wa kujazia sufuria na kunywea, mwingine wa kuoshea sakafu, na ule wa kuoshea ndio peke yake wenye meno ya mpira. Sakafu iwe na mteremko na mfereji wa kutoa maji machafu, basi, hilo sitalirefusha.

Siku ya kwanza, na kila siku ya kazi

Bomba jipya limepita mikononi mwa watu na mtaroni, kwa hiyo lisafishwe. Kwanza fungua maji yapite kwa nguvu mpaka yatoke bila vumbi. Kisha lijaze maji yenye klorini miligramu 50 kwa lita. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 5, inakupa kipimo hicho ukitia mililita 1 kwa kila lita. Kwa lita 10 za bomba lako ni mililita 10, ingawa utatayarisha ndoo nzima ili pasipungue. Fungua kila koki mpaka unuse klorini, funga, subiri saa 1, kisha mwaga na kusuuza mpaka harufu ibaki ile ya kawaida ya maji ya jikoni. Koki ya upande wa nyumba iwe imefungwa muda wote dawa ikiwa ndani. Jambo moja la hatari: watengenezaji bia wengi husafishia vyombo kwa dawa za asidi. Dawa hiyo na hii ya klorini zikikutana kwenye ndoo moja hutoa gesi ya klorini, na kibanda kidogo kilichofungwa ni mahali pabaya pa kujifunza hilo.

Baada ya hapo ratiba ni fupi. Siku ya kazi, kabla ya kitu chochote, fungua koki na utoe zile lita 10 zilizolala, na kidogo zaidi, mpaka usikie kwa mkono maji yamebadilika joto. Usiyatupe. Yanafaa kuoshea sakafu. Ukisafiri mwezi mzima, funga koki ya nyumbani na ukirudi toa mara mbili ya hapo.

Chujio la kaboni lifungwe kibandani, kwenye mdomo wa kujazia tu, si mwanzo wa bomba kule nyumbani. Watu hulifunga nyumbani kwa sababu ukutani pana nafasi nzuri. Wakifanya hivyo wanayavua maji klorini yake, yasafiri mita 30 uchi na kulala wiki mbili bila mlinzi. Acha klorini iyalinde njiani, uiondoe hatua ya mwisho. Pitisha maji polepole kuliko unavyotamani, kwa maana kaboni inahitaji muda, hasa kama kampuni yenu hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo ni ngumu zaidi kuitoa. Na badilisha kaboni kwa tarehe yake hata kama ladha bado ni nzuri, kwa kuwa kaboni iliyolowa na kukaa ni nyumba ya bakteria.

Na hii ndiyo ile dawa nyepesi niliyokuahidi. Hata bila chujio, kidonge kimoja cha metabisulfaiti, vile vinavyouzwa kwa watengenezaji mvinyo, huondoa klorini na kloramini kwenye karibu lita 75 za maji. Kwa lita zako 30 za sufuria, nusu kidonge kinatosha na kuzidi. Kisage, kimwage, koroga, subiri dakika chache kabla hujatia kimea. Kuacha maji wazi usiku kucha hupunguza klorini, lakini kloramini haitoki kwa njia hiyo, kwa hiyo usitegemee. Mwenye pumu inayochochewa na salfaiti asikae karibu unapokisaga. Unaweza kuanza na hili mkupuo ujao, hata kabla mtaro haujachimbwa, kwa maji uliyobeba na dumu kutoka jikoni. Harufu ya plasta ikitoweka, umeshajua chanzo chake.

Bomba likishafanya kazi wiki chache, peleka maji maabara. Omba wapime bakteria wa kinyesi, ambao jibu lake linalokubalika ni sifuri kwa mililita 100, na kwa kuwa una koki mpya omba na risasi, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita. Sampuli hizo mbili huchotwa kwa namna tofauti. Ya risasi chukua yale maji ya kwanza kabisa asubuhi, yaliyolala kwenye koki. Ya bakteria futa mdomo wa koki kwa spiriti, acha maji yapite dakika mbili tatu, kisha jaza chupa waliyokupa bila kugusa ndani wala kuisuuza, hata kama utaona kuna unga au tone chini. Umewekwa makusudi ili kuzima klorini isiendelee kuua bakteria njiani na kukupa jibu zuri la uongo. Weka chupa kwenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo.